Uwanja Uliomtoa Mama Nakuru

Juzi mwanasiasa mmoja alipita hapa kwetu na kipaza sauti juu ya gari. Alisema tukimchagua atatujengea stadiamu yenye viti na taa, na watu wakampigia makofi. Mimi nilibeba kiti changu nikaingia ndani. Mke wangu akaniuliza, "Kwani wewe mzee hupendi maendeleo?" Nikamwambia napenda, lakini uwanja wa mpira naujua, unakula watu. Akacheka, akadhani nasema habari ya kukanyagana getini.

Nilifika darasa la nne tu, kwa hivyo nitaandika vile ninavyoongea, na nikipotea njia mnivumilie, nitarudi.

Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari. Mimi na mama tulikaa chumba kimoja katika lokesheni ya Waafrika, hapa Nakuru. Baba alikuwa mpishi wa mzungu huko Ndabibi, mpaka asubuhi moja askari wakampakia kwenye lori pamoja na wengine, na hatukuambiwa ni kambi gani. Siku hizo Mkikuyu asiye na karatasi mjini alikuwa kama kuku aliyeingia kanisani, kila mtu anamfukuza. Mimi nilikuwa kijana wa kazi, nabeba magunia kwenye kinu cha unga, na kipande changu, ile karatasi ya kazi, kilikuwa na sahihi ya mwajiri. Mama hakuwa na kazi ya kuandikwa, na mume ndiye huyo amechukuliwa. Kilichomweka Nakuru ni kadi moja ya rangi ya udongo, iliyosema kwamba analima shamba katika ardhi ya mji. Ukipoteza shamba, kadi imekufa. Kadi ikifa, unarudishwa rizavu, ile ardhi waliyotengewa Wakikuyu, na rizavu wakati ule haikuwa nyumbani. Ilikuwa vijiji vya kulazimishwa, mitaro ya kuchimba, na njaa.

Shamba lenyewe lilikuwa kipande kidogo kati ya lokesheni na mtaro wa reli. Udongo wa Nakuru ni mwepesi kama majivu, na kiangazi upepo wa ziwani unaleta vumbi la magadi linakaa juu ya majani kama unga. Mama alikuwa akipangusa maharagwe yake jani kwa jani na ncha ya leso. Nilikuwa namcheka.

"Mama, unaosha maharagwe na hata hayajazaa?"

"Wewe kimbiza huo mpira wako. Jioni utakula mpira?"

Na mpira niliukimbiza kweli. Nilicheza upande wa kushoto, miguu mitupu, na niseme bila haya, nilikuwa mzuri. Tulicheza kwenye uwanda wa mawe kando ya mashamba hayo, milingoti ya goli ni miti ya kuokota. Wazungu walikuwa na viwanja vyao vya nyasi upande wa juu wa mji, mipira ya maji inamwagilia mchana kutwa. Nyasi yao ilikunywa maji kutushinda sisi tuliopanga foleni kwenye bomba moja. Nililisema hilo wakati ule na bado nalisema.

Basi ofisa wa lokesheni akaita mkutano. Akasema mji utatujengea uwanja wa Waafrika, wenye fensi, mabenchi ya mbao, na goli zenye neti. Neti! Nilisikia neno hilo kichwa kikanizunguka. Tulikuwa na wazee wanne walioitwa washauri, ingawa ushauri wenyewe waliombwa jambo likishaamuliwa. Lakini siku hiyo walikaza. Walisema uwanja ujengwe, ila usiguse mashamba ya akina mama. Ofisa akakubali kwa kichwa.

Alasiri hiyohiyo wazee wakaenda kuweka mpaka. Sisi Wakikuyu tuna mmea unaitwa itoka, majani yake mapana, na chini una kichwa kama kitunguu. Ukipandwa mpakani mbele ya watu, hiyo ndiyo hati. Anayeung'oa anajiletea laana yeye na watoto wake, na mimi tangu nizaliwe sikuwa nimesikia mtu amethubutu. Wakapanda mstari mzima, akina mama wamesimama wanatazama, na mama yangu akamwagilia itoka la mwisho kwa kibuyu. Kwa wazee, mapatano yalimalizika hapo.

Wiki iliyofuata karani akaleta karatasi yenye ramani, itiwe vidole gumba. Wazee hawakuiogopa kamwe. Waliona ardhi imekwisha kushuhudia, na karatasi ni ya kumfurahisha mzungu. "Hata akitaka tumwekee na vidole vya miguu," mmoja akasema, na mkutano mzima ukacheka. Lakini mwingine, fundi wa viatu, mtu wa tahadhari, akaniita mbele.

"Kijana, wewe umesoma. Hebu angalia kama wameandika vile tulivyopanda."

Nikaangalia. Maneno mengi yalinishinda, lakini reli niliiona imechorwa, na mstari wa bluu wa uwanja haukusimama kwenye matoka. Ulipita mashamba yote ukaenda kugusa mtaro wa reli. Nilielewa. Sitajificha nyuma ya darasa la nne, nilielewa vizuri kabisa. Nilijua pia kwamba nikisema, wazee watakataa, ofisa atakasirika, na neti zitapelekwa mji mwingine. Nikajiambia labda mchoraji alikosea kidogo. Mama alikuwa ameketi nyuma na wanawake wenzake.

"Iko sawa, wazee," nikasema.

Vidole vikawekwa.

Trekta ilikuja kabla ya mvua. Dereva alikuwa mtu wa upande wa Keringet, mpole wa sauti. Mama akasimama mbele yake.

"Baba, hapa ni mpaka. Huoni itoka?"

"Mama, mimi naona hivi vyuma walivyopigilia. Nimeambiwa nilime kutoka chuma hadi chuma."

"Ukiyang'oa haya utakufa."

"Na nisipoyang'oa nitafutwa kazi nife na watoto. Mama, si ni kulekule?"

Alizima injini, akamngoja mama achimbe viazi, na akamsaidia kubeba debe mpaka mlangoni. Kisha akarudi akalima. Nasikia alizeeka vizuri sana, na ng'ombe wengi. Itoka halikumfanya kitu.

Haikupita wiki mbili karani akaja chumbani kwetu.

"Mama, kadi hii inasema una shamba. Shamba liko wapi?"

"Si mmelichukua?"

"Basi kadi nayo nirudishie."

Alipelekwa stesheni na wanawake wengine kumi na kitu, kila mmoja na mzigo wake. Nilipewa ruhusa ya nusu saa kinuni. Kupitia dirisha la behewa aliniagiza nisisahau kuanika blanketi, kwa sababu chumba kina kunguni. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na yeye akafikiri ni utoto.

Uwanja ulifunguliwa kwa hotuba ndefu juu ya maendeleo. Nilicheza, neti zilikuwepo. Na je, mnajua shamba la mama liligeuzwa nini? Halikuwa uwanja. Mstari wa pembeni ulikoma hatua nyingi kabla ya kulifikia. Palikuwa mahali pa kuegesha magari ya wageni wazungu, na siku hiyo niliyahesabu, manne. Baadaye hayakuja tena, pakaota magugu. Kumbe hata mpira haukuhitaji ninyamaze, uwanja ungetosha bila shamba lile. Ndiyo maana leo mtu akiniambia stadiamu, namuuliza mstari unaishia wapi, na nani alikuwa analima hapo. Wananiita mzee mchungu.

Ilipita miaka miwili kabla sijapata pasi ya kwenda kumwona. Nilimkuta kwenye kibanda ndani ya kijiji kilichozungushiwa handaki, ametoka kuchimba, mikono imepasuka, shingo imekuwa nyembamba. Alikuwa anachambua mboga ya mwituni. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoka. Nikamwambia tu, "Mama, ile karatasi niliiona. Mstari ulipita shambani."

Hakuinua macho. "Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Uliitazama muda mrefu. Mtu anayeona jambo liko sawa hachelewi hivyo."

"Na mbona hukusema? Wazee wangekusikiliza."

Akatupa jani lililooza, akachukua lingine. "Ningesema nini? Kwamba mtoto wangu ni mwongo, mbele ya lokesheni nzima? Baba yako ameondoka. Nikakuaibisha na wewe, nibaki na nani?"

Nilitaka anitukane. Nilingoja. Akanisogezea nusu ya mboga, nami nikaanza kuchambua, na kwa sababu sikujua mabua gani hutupwa, akawa ananionyesha moja moja. Pasi yangu ilikuwa ya siku moja. Mboga ilipoiva nilikuwa tayari nimesimama na kofia mkononi.