Dawa ya sonona ilivyonilaza katikati ya mahari ya mdogo wangu

Wakuu, nawasalimu kutoka Goma.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mashahidi ni ukoo mzima wa Kibumba, kaskazini mwa mji. Chumvi sijaongeza, maana waliokuwepo wataniumbua.

Mimi nauza misumari na mabati hapa mjini. Mwaka jana moyo ulinifia. Naamka nimechoka, nalala nimechoka, mteja akiniuliza bei naona ananitukana. Kituo cha afya wakaniambia ni sonona, daktari akanipa vidonge. Kimoja kila jioni, baada ya kula.

Tatizo jioni niko nyumbani na mke wangu, Mama Grâce, na sikutaka ajue. Kwetu ukisema unameza dawa ya mambo ya kichwa, kesho mtaa mzima unakuongelesha polepole kama mtoto.

Basi nikavificha dukani, ndani ya kopo la misumari. Nikawa nameza asubuhi nikifungua.

Wakuu, usingizi!

Moyo ulianza kupata nafuu, hilo nakiri. Ila ikifika saa nne, kichwa kiko juu ya meza. Wateja wakawa wanajipimia misumari wenyewe.

Mama Grâce aliponiona narudi nimelegea kila siku, akakata shauri kuwa nina deuxième bureau, yaani mwanamke wa pembeni. Akaanza kunusa mashati yangu. Yalinuka kutu tu.

Hapo mdogo wangu Innocent akapata mchumba, Furaha, binti wa Kibumba. Msemaji wa familia ni mimi, mdomo wangu unajulikana. Kwa desturi yetu, msemaji wa upande wa binti hukataa kwanza, anatania, anabuni vikwazo. Wa kwetu anamjibu kwa maneno matamu mpaka binti atolewe. Ukishindwa kujibu, mnarudi na makreti yenu ya bia na soda.

Nikaona niache dawa siku tatu ili niwe macho. Kosa kubwa! Kizunguzungu, hasira, nikalia kwa sababu ya sufuria iliyoungua. Asubuhi ya siku yenyewe ya mahari nikaogopa, nikameza.

Kibumba kuna baridi, lakini siku hiyo jua lilitoka. Wakanikalisha kwenye kochi laini, jua mgongoni. Muzee Bizimana, msemaji wao, akasimama:

"Ule mutoto tulishamupatia watu wa Rutshuru."

Kumbukumbu yangu inaishia hapo. Yanayofuata nilisimuliwa na Innocent.

Sikujibu. Kofia imefika machoni, kidevu kifuani. Wao wakadhani nimekasirika.

Muzee Bizimana akangoja, akasema, "Bon, watu wa Rutshuru tutawarudisha."

Kimya. Wazee wao wakanong'onezana.

"Na ile ngombe ya kuongeza yenye tuliwaomba, tunaiachilia."

Kimya.

Innocent akaona tunashinda, akawazuia watu wasinisogelee. Mjinga yule.

Kisha nikakoroma.

Kelele ndizo zilizonifumbua macho. Wamama wanaondoa sahani. Baba yake Furaha amesimama, ananinyoshea kidole: "Mulevi! Mutoto wangu wa kwanza aliteswa na mulevi. Huyu wa pili simutoe!"

Nikamwangalia Innocent. Nikikubali ulevi, binti hatoki. Nikisema ukweli, sisi ni familia yenye ugonjwa wa kichwa, na binti hatoki vilevile. Wakuu, nilitamani kulala tena.

Nikasimama, nikavua kofia.

"Papa, si pombe. Niko na ugonjwa wa huzuni, nakunywaka dawa. Ndiyo imenilalisha. Mudogo wangu hana kosa."

Wa kwanza kusema alikuwa Mama Grâce, kutoka nyuma: "Kumbe ni dawa? Na miye natafuta mwanamuke!"

Muzee Bizimana akanikazia macho. "Unakunywaka saa ngapi?"

"Asubui, muzee."

Mama yake Furaha akachomoka kati ya wamama, sahani mkononi. "Asubui? Nani alikudanganya? Ile ni ya mangaribi, kisha kula! Miye naikunywaka mangaribi mwaka muzima, ulishaniona nasinzia?"

Akaziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

Mumewe akageuka polepole. "Uliniambiaka ni dawa ya minyoo."

Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Mwaka muzima, minyoo?"

Mama akainamisha kichwa. Mumewe akaketi, macho yamelowa. Akasema kwa sauti ndogo, "Murudishe sahani."

Nililia, wakuu, na sioni aibu kuliandika.

Muzee Bizimana akakohoa. "Basi mutoto tunamutoa. Lakini ile ngombe inarudi, maana ulitushinda ukiwa umelala."

Innocent ameoa, ana raha zake, ila kwa ng'ombe huyo hajanisamehe mpaka leo.

Nimejifunza nini? Uchovu wa ugonjwa na uchovu wa dawa vinafanana, usijifanye daktari wa kuvitenganisha. Nilirudi kituoni nikasema yote, wakanikemea, wakanirudisha kwenye saa ya jioni. Sasa nameza mezani, Mama Grâce ndiye ananiletea maji. Asubuhi bado kuna uzito kidogo, daktari anaufuatilia. Msiache ghafla, na msihamishe saa kwa kumwogopa mtu mnayelala naye.

Haya, na wewe unayesoma, kopo lako umelificha wapi? Andika hapo chini. Kama unaogopa kuchekwa, Kibumba nzima ilishanicheka kwa niaba yako.