Kifuniko cha Tangi la Mjomba

Walisema sitafika popote. Jirani yetu pale Kinampanda alizoea kunichokoza mbele ya watu: "Wewe baiskeli ya baba yako imekushinda, injini utaziweza?" Leo nina gereji yangu mjini Singida, nimeijenga kwa jasho langu, na diploma yangu ya ufundi nimeitundika pale ambapo kila anayeingia lazima aione. Sijisifu, nasema kilichopo.

Lakini wiki iliyopita nilikwenda kumwamkia mjomba kando ya Ziwa Kitangiri. Mkewe akatuwekea ugali wa uwele na kambare, kisha akaleta chupa ya chumvi. Kifuniko chake nilikitambua mara moja: bati kuukuu, kitundu cha msumari katikati. Hamu ya kula ikaniisha.

Kilikuwa kifuniko cha tangi la petroli la mashine ya boti ya mjomba. Kila likizo ya shule nilipelekwa kwake, na nikiukumbuka utoto wangu, kitu cha kwanza kunijia ni mlio wa mashine ile. Asubuhi nilichuja petroli kwa kipande cha khanga, nikabinya pampu ya mpira mpaka iwe ngumu mkononi. Mjomba alivuta kamba mara mbili tatu, moshi ukatanda juu ya matete. Jioni wanawake waliokuwa kwenye mashamba ya mtama waliusikia mlio ukirudi, wakachukua mabeseni ya samaki. Mashine ilinizidi umri. Ikizimika majini, mjomba hakukimbilia spana. Alizibua kwanza kile kitundu kwa kijiti cha ufagio, akisema kwa Kinyiramba kwamba mashine nayo lazima ivute pumzi. Mimi nilicheka, nikaona ni mambo ya wazee.

Mwaka niliomaliza chuo nilimpelekea zawadi: kifuniko kipya, chekundu, kisicho na kitundu. Nilimweleza kwamba kile cha zamani kinaingiza maji na vumbi. Kesho yake mashine ikaanza kusumbua. Inawaka vizuri, baada ya muda inalegea, inakosa nguvu, inazimika. Nikasafisha plagi, nikafungua kabureta, nikabadilisha chujio. Kila nilipofungua tangi kutazama mafuta, iliwaka tena, nami nikawaambia wavuvi waliotuzunguka kwamba mnaona, hii ndiyo kazi ya msomi. Muda si muda, kimya.

"Na pumzi yake je?" mjomba aliuliza.

"Mjomba, hayo ni ya zamani."

Siku ya tatu wavuvi walianza kuchekea pembeni. Kwa aibu nikatoa hukumu: pistoni imekwisha, mashine imekufa.

"Angekuwa mtu mwingine ningebisha," mjomba alisema. "Lakini wewe mpwa wangu umesoma."

Akaiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakupata nyingine. Alirudia kasia, mpaka mabega yakakataa, akaliacha ziwa.

Miaka ikapita. Siku moja gerejini mteja aliniletea pikipiki inayozimika njiani. Nilipolegeza kifuniko cha tangi, nikasikia tangi likivuta hewa kwa nguvu. Njia yake ya hewa ilikuwa imeziba. Nikakikumbuka kile kifuniko chekundu. Hewa isipoingia, petroli haitoki. Swali kuhusu hilo nililijibu sawasawa kwenye mtihani wa chuo.

Nilimficha mjomba mpaka wiki iliyopita. Tulikuwa tunakula na jirani yake mvuvi, naye mjomba akamwambia, "Bila huyu ningehangaika na mashine mbovu mpaka leo." Jirani alipotoka nje kidogo, nikasema.

"Mjomba, nisamehe. Mashine haikuwa mbovu. Ni kile kifuniko nilichokuletea mimi. Kiliinyima hewa."

Aliichukua chupa ya chumvi, akapitisha kidole juu ya kitundu. 

"Basi yule usimwambie," alisema taratibu. "Nimekusifu mno huku."

Jirani akarudi, mjomba akamsogezea kambare, akaendelea kunisifu. Nje kulikuwa na ziwa lilelile na matete yaleyale. Nilitega sikio kwa mazoea ya utotoni, nikasikia kasia tu.