Gari Lisilo na Bomba la Moshi

Mimi ni fundi cherehani, mama mtu mzima, na starehe yangu ni kuunda magari ya plastiki. Nasema mapema ili anayetaka kucheka acheke amalize. Pale Mikumi, kwenye kibanda changu karibu na barabara kuu, wateja wakiona gari dogo juu ya meza ya kukatia vitambaa huuliza ni la mjukuu gani. Nawajibu ni langu, na suruali yako bado, rudi kesho.

Aliyeniambukiza ni mdogo wangu wa kiume anayesoma China. Nilimwagiza sindano za cherehani. Sindano zikaja, na chini yake alikuwa ameficha boksi lenye picha ya gari la umeme, yale ya kisasa yenye uso laini usio na pua. Ndani mlikuwa na fremu za plastiki, na vipande vidogo vimeshika pembeni kama ndizi kwenye chane. Gundi hakuna. Unakata kipande, unakisugua, unakiweka mahali pake, unakibonyeza kwa dole gumba mpaka kilie tak! Kikilia, kimekaa. Kisipolia umekosea, na hakuna kubembelezana. Mimi ninayeshinda na watu wanaosema nguo imebana ilhali wamenenepa wenyewe, nilikipenda papo hapo kitu kinachosema ukweli kwa sauti.

Basi nikawa hoi. Vipande nilikata kwa kikata kucha, taa za nyuma nikazipaka rangi ya kucha nyekundu, viti nikavivalisha mabaki ya kava za makochi. Mdogo wangu akaona picha, akaniambia, "Dada, umepotea." Nikamwambia aliyenipoteza ndiye alete jingine.

Baba yetu anaishi Kilosa. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori: mkonge kutoka mashambani, mahindi kutoka Mvumi, vitunguu kutoka Malolo. Kwake gari ni kitu kinachonguruma, kinachotoa moshi na kinachokuchafua shati. Kisha kiharusi kikamkuta. Mungu akamwachia ulimi, miguu ikarudi taratibu, lakini mkono wa kulia ukabaki unaning'inia, vidole vimejikunja kidogo kama vya mtu aliyelala.

Kwetu mkono wa kushoto haumpi mtu kitu wala haupokei kitu. Baba alitulea kwa sheria hiyo, na makofi ya kuikumbushia, na hakutaka kuivunja hata katika ugonjwa. Kwa hiyo aliacha kupokea kabisa. Ukimletea chai, "Weka hapo." Ukimletea simu, "Weka hapo." Kulikuwa na stuli pembeni ya kiti chake, na dunia yote ikawa inapitia kwenye ile stuli. Chakula alikula chumbani, peke yake, kwa kijiko, mlango umefungwa. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akisema chakula cha peke yako ni dawa, si chakula. Iliniuma sana.

Ndipo kitindamimba wetu akaposwa. Baba ndiye walii wake. Siku ya ndoa, walii akipenda humwozesha binti yake mwenyewe: anaushika mkono wa kulia wa bwana harusi kwa mkono wake wa kulia, anatamka maneno, bwana harusi anaitikia. Asipoweza, humwachia shekhe aozeshe kwa niaba yake. Mimi, binti yake wa kwanza, Baba aliniozesha kwa mkono wake, shekhe akiwa amekaa pembeni kama mgeni. Kwa huyu wa mwisho, kipenzi chake, mwenye jina la mama yake, alisema, "Shekhe ataozesha." Alisema huku akitazama ukuta. Mdogo wangu huyo akaitikia, "Sawa, Baba," akaenda nyuma ya jiko kulia. Nikamfuata tukalia wote wawili, halafu nikakasirika. Mimi nikishalia lazima nikasirike, ndivyo nilivyoumbwa.

Hasira yangu niliimalizia kwenye mpira. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa amemwachia Baba kampira laini ka kuminya. Nikaukuta uvunguni, umejaa vumbi. "Baba, mbona huuminyi?"

"Mimi si mtoto mchanga. Umeona wapi dereva anaminya mpira?"

Ningependa kusema kwamba safari iliyofuata nilikwenda na mpango. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimeanza gari jipya, jeupe, na roho ilikataa kuliacha Mikumi. Nikalitia kwenye mkoba, nikapanda basi la Kilosa, nikafika nikasalimia, nikaitikiwa marahaba, nikakaa chini karibu na kiti cha Baba nikaendelea na kazi yangu.

Alinitazama kipande baada ya kipande. Nilipoweka boneti akashindwa kuvumilia.

"Injini umeshaweka?"

"Halina injini, Baba. Ni la umeme. Betri iko chini ya sakafu."

"Na hapo mbele?"

"Mbele wameacha nafasi ya mizigo."

Baba akaitazama boneti kama mtu aliyepewa habari ya msiba. "Wametoa injini," akasema hatimaye, "wakaweka begi."

"Ndiyo maana halipigi kelele."

"Na umeme ukikatika?"

"Linachajiwa mapema."

"Kilosa hii?"

Nikamkumbusha kwamba treni ya umeme inapita hapo hapo Kilosa kila siku na watu wanafika waendako. Akasema treni ina reli, ikizimika itaokotwa ilipo. Mama alicheka jikoni mpaka tukasikia mwiko umeanguka.

Kipande kilichofuata kilikuwa kigumu, kile kinachoshika ekseli ya nyuma. Nikabonyeza, kimya. Nikabonyeza tena. Baba akaguna. "Unabonyeza kama unapapasa yai. Weka hapo."

Nikaweka kwenye stuli. Akalichukua gari kwa kushoto, akalikandamiza pajani. Halafu, kwa mkono huo huo wa kushoto, akauinua ule wa kulia kama unavyomwinua mtoto mzito aliyesinzia, akaliweka dole gumba juu ya kipande. Akasukuma kwa bega. Kimya. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Mikono yangu iliwasha nimsaidie, nikaikalia. Niliogopa kwamba kisipolia, na hiki nacho kitakwenda uvunguni.

Tak!

Baba akainamisha kichwa, akasikiliza kana kwamba ule mlio ungejirudia. "Imekaa," akasema, kama alivyokuwa akisema zamani shehena ikishafungwa vizuri kwenye lori. Halafu akauliza kingine kiko wapi.

Kuanzia hapo sikuwa na amani, na sijawahi kuwa na furaha namna ile. Kila mwisho wa wiki nilikwenda Kilosa na katikati ya wiki alinipigia simu kuuliza kama nimepaka rangi au nimelala. Usukani kuwa kushoto kulimkera. Milango kukosa vishikio kulimkera zaidi: "Abiria wanaingilia wapi, dirishani kama mwezi wa mavuno?" Lakini dole gumba lilikuwa likibonyeza, na siku nyingine lilifika kwenye kipande lenyewe, bila kubebwa.

Siku moja alitangaza kwamba tumepunjwa. Boksi lilikuwa tupu, fremu zilikuwa tupu, na gari halikuwa na bomba la moshi. Nikajaribu kueleza. Hakutaka maelezo ya fundi cherehani, akataka China. Nikampigia mdogo wangu kwa video, akatokea na nywele zimesimama, ametoka kulala.

"Mwanangu, hawa watu wamesahau bomba."

"Baba, gari la umeme halitoi moshi. Bomba la nini sasa?"

"La heshima," akasema Baba, akanifanyia ishara nikate simu.

Tukalitengeneza wenyewe. Nilikata mrija wa wino wa kalamu iliyokwisha, Baba akauchomeka chini ya bampa ya nyuma, umekaa upande kidogo kama ule wa lori lake. Akalitazama gari, akatikisa kichwa. "Jeupe hivi limetoka wapi? Hili halijafika Kilosa." Kwa hiyo nikachota udongo mwekundu barabarani, nikauchekecha kwa kitambaa chepesi, nikalipulizia gari dawa ya kushikisha nywele na kulinyunyizia vumbi linate kuanzia magurudumu hadi madirishani. Kwenye boksi gari lilikuwa kama bibi harusi, sasa likawa kama mtu wa kwetu. Nyuma, pale madereva wanapoandika maneno yao, Baba aliniamuru niandike: NAPITA KIMYA. Niliandika kwa ncha ya sindano iliyochovywa rangi, ulimi nje.

Yote hayo, na bado habari ya ndoa hakuigusa. Vipande alibonyeza, lakini kupokea hapokei. Stuli ilikuwa pale pale.

Baba ana mtani wake, mzee wa Vidunda, anayeshuka mlimani na maharage kila anapopata nafasi. Ni mtani hasa, wa kabila kwa kabila, mwenye ruhusa ya kumtukana Baba hata msibani, na kuchukua chochote chake kikimpendeza. Sisi wengine tuliuzunguka ule mkono kwa adabu. Yeye alifika, akakaa, akasema, "Naona mwenzangu siku hizi unaendesha gari la kula upepo," na kabla hatujacheka alikuwa amechomoa gurudumu la mbele akalitia mfuko wa shati.

Kitu kilichochukuliwa na mtani hakidaiwi kwa ukali, kinakombolewa. Baba akamwambia atapewa kuku. Mtani akasema kuku wa Kilosa ni wakonde. Baba akamwambia ataje anachotaka. Yule mzee akatoa gurudumu, akaliweka katikati ya kiganja chake, akanyoosha mkono.

"Nataka upokee. Nimekuzidi umri, nipokelee kwa adabu."

"Weka hapo," Baba akasema.

"Siweki. Mimi si mkeo."

Mama alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Mimi nilitaka kumfukuza yule mzee, nasema kweli, maneno yalishafika mdomoni. Lakini mkono wa Baba ulianza kupanda. Ulipanda kama ndoo inavyopanda kisimani, kwa vituo, ukiyumba. Vidole vikafika kwenye kiganja cha mtani, vikakwaruza, gurudumu likaanguka chini.

Mtani akainama akaliokota, akilalamika mgongo. Akaliweka tena kiganjani. Likaanguka tena.

"Unaniinamisha, mzee mzima," akasema. "Nitakutoza na mgongo." Lakini kiganja kikarudi pale pale.

Mara hiyo vidole vikafunga. Baba akalivuta gurudumu mpaka kifuani, akalishika pale kwanza, kisha akalirudisha kwenye gari. Tak! "Imekaa," akasema. Mama akaleta ugali na maharage kwenye sinia moja bila kuuliza mtu, wakala wote wawili, mtani akimwambia Baba kwamba anakula kama kuku, nusu anamwaga. Ilikuwa kweli. Nusu ilimwagika, na Baba akaendelea kula.

Siku ya ndoa wanaume walikaa mikekani barazani, sisi wanawake ndani na bibi harusi. Mimi nilijipa kazi ya kusimama dirishani nyuma ya pazia, na aliyetaka kuniondoa angejua mimi ni nani. Shekhe akasoma hotuba. Alipomaliza akamgeukia Baba, taratibu, kwa kuwa walishaelewana zamani: "Mzee, nakuwakilisha?"

Baba akakohoa. "Nitaozesha mwenyewe."

Mkono ukaanza kupanda. Bwana harusi, Mungu ampe kheri, aliunyoosha wake akausubiri, hakuufuata. Ukafika. Vidole vikafunga. Baba akayatamka maneno yote, moja baada ya jingine, bila kukosea, na bwana harusi akaitikia kwamba amekubali.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha na mkono unaachiwa. Baba hakuuachia. Alilipeleka dole gumba juu ya mkono wa mkwewe, akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa bega, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Bwana harusi akamtazama shekhe. Shekhe akatazama chini. Nilijua Baba anasubiri nini, na nilijua mkono wa mtu haulii.

Kutoka mkeka wa nyuma, yule mtani wa Vidunda akapiga ulimi wake kwa nguvu: tak!

Baba akaachia. "Imekaa," akasema.

Baraza zima likapasuka kwa kicheko, hata shekhe akajiziba mdomo kwa mkono wa kanzu. Mdogo wangu, ameinama chini ya mtandio wake, akaniuliza wanacheka nini huko nje. Nikakaa karibu naye nikalia, nikaisubiri hasira yangu, na siku hiyo haikuja.