Jiko la Mzee Karisa na Ukomunisti Wangu

Mpaka leo nikikutana na wanakwaya wa Mikindani najifanya nafunga kamba za viatu, hata nikiwa nimevaa ndara. Kusimulia naweza, tena nacheka, lakini ile aibu sijaimaliza, maana niliwaliza watu wazima mchana kweupe kwa sababu ya neno moja.

Chanzo ni Mwalimu Nzai, mpangaji mwenzetu mstaafu, ambaye jioni hutusomesha bure pale kibarazani mambo ambayo mimi niliyeishia darasa la nane sikuyafikia. Siku moja Mzee Karisa, anayekaanga viazi karai langoni petu, aliuliza kama jiko lake laweza kukatiwa bima. Tukacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema kwenye vitabu vya wakomunisti bima haina kazi, kwa sababu mali ni ya wote, na basi hasara nayo ni ya wote. Nyumba yako ikiungua hulipwi pesa, wapewa nyumba. Akaongeza kwamba hayo ni ya vitabuni, kwa vitendo nchi zile zilikuwa na bima ya serikali, na ofisa alikuja kwanza kuikagua hasara kwa macho yake. Mimi nilikuwa nimeishia kusikiliza pale kwenye nyumba.

Wiki hiyohiyo nikaanzisha kundi kwenye simu, nikaliita Hasara Moja: watu wa ploti yetu, majirani, na karibu kwaya nzima. Hakuna mchango wa mapema. Mtu akipoteza kitu, kila mmoja aje na alichonacho.

"Na ofisa wa kukagua?" Mwalimu akaniuliza.

"Hapa twaaminiana, Mwalimu."

"Haya. Lakini ukitangaza hasara, Safari, andika kwa kirefu."

Sikuandika kwa kirefu.

Jumanne asubuhi mkokoteni wa maji ulimponyoka mwenyewe pale mteremkoni, ukalipanda jiko la Mzee Karisa, lile kubwa la pipa, likawa bapa kama chapati. Mzee alisimama akilitazama. Mkewe, Mama Dama, alikuwa Mazeras kwa binti yao aliyejifungua. "Akirudi akute sina kazi nitamwambia nini?" akaniuliza polepole. Nilikuwa nachelewa kibarua cha Changamwe, basi nikasimama kando ya barabara nikaandika kwa heshima, kama watangazaji wa redio: "Ndugu wa Hasara Moja, asubuhi hii Mzee Karisa amepoteza jiko lake la miaka mingi. Ni ghafla mno. Kila mtu aje na alichonacho."

Nikazima simu, nikabeba magunia siku nzima nikitabasamu peke yangu. (Nanyi mwajua, mwanamume akioa twasema amepata jiko. Hata mimi nilijua. Siku hiyo tu ndiyo sikukumbuka.)

Saa kumi narudi nakuta turubai, viti, kuni zimerundikwa, wanawake wamejifunga leso viunoni, kwaya yaimba kwa sauti zilizokauka. Nikajiambia, kumbe ukomunisti una nguvu hivi. Nikajipenyeza hadi alipoketi Mzee Karisa, macho mekundu kwa kuguswa na upendo wa watu, mzee wa kanisa amemshika mkono.

"Jikaze, mzee mwenzangu. Mmetoka mbali naye."

"Tangu nihamie Mikindani."

"Alikuwa hodari."

"Sana. Ukiwasha tu, linashika. Ila makaa lilikuwa likila."

Wazee wakatazamana. Mmoja akanong'ona kwamba uchungu ukizidi maneno hupotea njia.

"Na sasa mmemlaza wapi?"

"Nimelisukuma nyuma ya choo," akasema Mzee Karisa. "Likikaa njiani litakata watu miguu."

Kwaya ikakatika katikati ya ubeti.

Nikageuka nitoroke, na pale langoni nikakutana uso kwa uso na Mama Dama, mkoba wa safari kichwani. Akaona turubai, akaona leso, mkoba ukaanguka. "Uui, Karisa wangu!"

"Naam, mke wangu," mumewe akaitika.

Sitasema nani alikimbia wa kwanza, ila waimbaji wote wa sauti ya kwanza walipita juu ya uzio wakimkimbia mzuka. Waliobaki wakatoa simu, ujumbe ukasomwa mara mbili, na mara ya pili kila mtu alikuwa ananitazama mimi. Nikaeleza. Nikawaeleza ukomunisti watu waliolia tangu saa sita.

"Kwa hivyo mimi ndiye jiko," akasema Mama Dama.

"Hapana mama, jiko ni jiko."

"Na mimi ni nani?"

Watu wakaanza kuinuka kwa hasira, mmoja akakumbatia unga wake, na Fundi Mwero, mchomeleaji, akainama kubeba jiko kubwa la chuma alilolileta la kupikia waombolezaji. Mzee Karisa akalisindikiza kwa macho hadi langoni. Hapo ndipo nilipoumia kuliko aibu yote.

"Fundi," Mama Dama akaita. "Hilo ulilileta kwa jambo gani?"

"Msiba, mama."

"Wa nani?"

"Wako. Samahani, mama."

"Basi litue. Kwetu kilicholetwa msibani hakirudi na mwenyewe."

Fundi akalitua, akaanza kucheka, na cheko likazunguka turubai zima. Unga ukarudi. Jioni ileile viazi viliiva kwa kuni za matanga, na kwaya (iliyorudi, safari hii kwa kupitia langoni) ikamwimbia mjukuu wa Mazeras. Mwalimu akaja kando yangu na kiazi mkononi. "Hasara imelipwa, Safari. Kazi ya ofisa umeielewa sasa?"

Nimeielewa. Hasara Moja ipo bado, na naamini siku moja itavuka daraja ifike mjini kule kisiwani, lakini nimeapa sitangazi hasara kabla sijaikagua kwa macho yangu, na jiko silitaji bila kusema ni la makaa ama la ndoa. Viazi nala palepale. Mama Dama hunihudumia wa mwisho kila siku, hata nikifika wa kwanza, na nikinung'unika hunijibu bila kugeuka:

"Ngoja, Safari. Marehemu ana mikono miwili tu."