Pigo la Pili

Kabla hajaitwa mshtakiwa aliitwa Fundi Mbili, na jina hilo alilipata kwa jasho. Miaka thelathini na moja alikaa kwenye kibanda chake cha mabati kando ya barabara akitengeneza viatu, misumari mdomoni, na kila msumari aliupa mapigo mawili: la kwanza kuuonyesha njia, la pili kuulaza. Kati ya hayo mawili alinyamaza kidogo, autazame msumari umekaaje. Watu walimtania kwamba hata chai huikoroga mara mbili. Yeye alicheka tu na kuwajibu, "Kazi haiachwi nusu."

Alikuwa mpole mpaka anachosha. Ukimletea kiatu kilichokwisha kabisa, hakuwa na moyo wa kukwambia ukitupe. Alikaa nacho wiki nzima akikibembeleza kama mgonjwa. Mshonaji wa kibanda cha jirani alisema mtu yule hajui kugombana hata na mbu.

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri, jua kali, hakuna mteja. Akaingia mpakiaji magunia mmoja waliyemwita Komeo, ananuka pombe. Siku chache nyuma alikuwa ameleta viatu vitiwe soli. Kaka yake akapita kuvichukua, na fundi akampa, maana alijua ni ndugu. Kumbe ndugu wenyewe hawasemeshani. Komeo hakutaka maelezo. Alichomoa kisu chake cha kufungulia magunia, akasema kwa sauti ya chini, "Leo viatu vyangu utavitapika," akamchana mkono wa kushoto mpaka mfupa ukaonekana. Nyundo ilikuwa mkono wa kulia. Fundi akapiga.

Laiti mambo yangeishia hapo, leo ningekuwa na hadithi nyingine. Kisu kilianguka. Komeo alirudi nyuma, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akashika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayesubiri kiatu chake. Fundi akamtazama kidogo. Akapiga la pili.

Alikaa mahabusu miaka miwili. Wakili aliyepewa na serikali alikuwa binti wa umri wa mwanawe wa mwisho, na nawaambia, alimhangaikia kama baba yake mzazi.

"Mzee, sheria inakuruhusu kujikinga," alimwambia. "Mtu kakujia na kisu, umempiga, hakuna wa kukulaumu. Ila ruhusa hiyo inaisha pale hatari inapoisha. Kisu kikishaanguka, mtu akishakaa chini, hujikingi tena. Hapo unapiga tu."

"Sasa mimi ningejuaje kwamba imeisha, mwanangu? Damu inanitoka."

"Ndiyo hayo uyaseme. Sema ulidhani atainuka. Hofu nayo inahesabiwa. Si uliogopa, mzee?"

Fundi alifikiri muda mrefu, jamani, muda mrefu mno kwa swali jepesi kama lile. "La kwanza niliogopa," alisema.

Binti wa watu alifunga jalada lake polepole.

Mahakamani mshonaji alitoa ushahidi huku analia, maana alimpenda yule mzee na hakutaka kumdhuru. "Nilisikia pigo moja," alisema. "Pakawa kimya. Halafu la pili. Sikuinuka hata kwenye cherehani yangu, nikajua yuko kazini kama kawaida." Daktari aliyeupima mwili alifuata. Pigo la kwanza, alisema, lingemuuma marehemu wiki mbili tatu, kisha angepona. Lililomuua ni la pili.

Ndipo mwendesha mashtaka akamsogelea fundi kizimbani.

"Ulipopiga la pili, kisu kilikuwa wapi?"

"Chini."

"Yeye je?"

"Amekaa. Ameshika kichwa."

"Wakati huo ulikuwa unamwogopa?"

Wakili alimkazia macho. Mkewe, kule nyuma kwenye mabenchi, alijiziba mdomo kwa upande wa khanga. Neno moja tu, ndiyo, na huenda jioni ile angelala nyumbani kwake.

"Sikumbuki kuogopa," fundi alijibu. "Mkono ulikwenda wenyewe. Mimi hupiga mara mbili."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, ndivyo tulivyolelewa. Lakini aliyekaa kitini siku ile alikuwa jaji. Alisoma hukumu kwa upole, na upole ule ndio uliotuvunja nguvu, kwa sababu hatukupata hata mtu wa kumchukia. Pigo la kwanza lilikuwa haki yake, alisema. La pili halikuwa la mtu anayejikinga. Kuua bila kukusudia, miaka kumi na miwili. Fundi alikuwa na sitini na mitatu. Mkewe hakulia. Alimuuliza wakili kama ule mkono uliochanwa hauwezi kupunguza hata mwaka mmoja. Akaambiwa jaji ameshauhesabu.

Gerezani walipojua ufundi wake walimweka karakana ya viatu, atengeneze buti za askari. Wengine wangeshukuru. Yeye kila akiinua nyundo anamwona mtu kakaa kigodani, kashika kichwa, hai, na wiki mbili tatu tu za maumivu mbele yake.

Juzi askari mmoja alimrudishia buti, kisigino kinacheza.

"Mzee, si ndiye wewe Fundi Mbili? Mbona misumari yako siku hizi inachomoka?"

Fundi aliipokea buti, akaiweka juu ya chuma, akasimamisha msumari. Akapiga. Akanyamaza, akautazama. Nyundo ilibaki juu muda, halafu akaiweka chini taratibu kando ya mguu wake.

"Moja linatosha, afande," alisema, akamrudishia buti yake na msumari nusu uko nje.