Uzi wa Uso Wake

Machi 1987, wakati wa vita, mume wangu alitoka Jinja kwenda Nakaloke kununua mtama. Hakurudi. Nilibaki na picha yake moja ya rangi, na kila mwaka ilizidi kufifia.

Miaka mingi baada ya amani kurudi, niliipeleka Mbale kwa mwanamke mwenye mashine ya kushona beji za sweta za shule. Nilitaka uso wa mume wangu ushonwe kwenye kitambaa cha ukutani kabla haujapotea. Aliiingiza picha kwenye kompyuta, nayo ikatafutia kila rangi uzi wa rangi ya karibu zaidi kati ya nyuzi sita alizokuwa nazo. Kanzu aliyovaa mume wangu ilitoka nyeupe vizuri. Uso ukatoka kijani.

"Binti, huyu alikuwa mtu, si sweta," nilisema.

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. "Pole, mama. Kahawia sina, wala nyekundu. Kompyuta imeona kijani ndiyo jirani yake."

Alivuka barabara, akarudi na nyuzi tatu za kahawia. "Chagua wewe. Picha yenyewe imeshageuka nyekundu, haiaminiki. Alikuwa mweusi kuliko wewe?"

Niliziweka juu ya mkono wangu, mmoja mmoja. Sauti ya mume wangu naikumbuka, na jinsi alivyovua viatu mlangoni. Rangi yake sikuikumbuka, na sikuwa na wa kumuuliza. Wote waliomjua walikuwa wamekufa.

Nilichagua mmoja kwa kukisia. Akautunga kwenye sindano, na mashine ikaanza na sikio.