Pilau ya Harusi ya Kadzo

Marehemu Mwanasiti, Mungu amrehemu na amlaze mahali pema, alikuwa mpishi wa shughuli hapa Msambweni. Uhuru ulipofika, pilau ya uwanjani aliipika yeye. Jikoni hakuna aliyeonja kitu kabla yake, na nyumbani ilikuwa vivyo hivyo: binti yake Kadzo hakusuka nywele wala kushona kanzu bila mama kupitisha jicho.

Kwa hiyo mwaka wa pili wa Uhuru, Kadzo alipoposwa na kijana wa Kinondo akasema pilau ya harusi yake ataipika Mbodze, Mwanasiti alihisi amenyang'anywa upawa mkononi. Mbodze! Msichana aliyekuja kwake hajui hata kuchambua mchele, akamfundisha yeye mwenyewe.

"Kwani mimi nimekufa?" akauliza.

"Mama, ukiwa jikoni utashinda ukigombana na kuni. Nataka siku hiyo uketi nami ndani."

"Na Mbodze je, yeye haketi nawe?"

"Mbodze si mama yangu."

Jibu lile lilikuwa na mapenzi, lakini Mwanasiti alilisikia jina la Mbodze tu. Tangu hapo kila alipowaona wawili hao wakicheka kisimani, moyo ulimwaka. Mtoto ni wake, mapishi ni yake, na vyote viwili vimehamia kwa mtu mwingine.

Siku ya harusi alijifunga leso mpya, akaketi chumbani na bibi harusi. Harufu ya bizari ikaingia dirishani. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuudhi. Akasingizia kwenda kutawadha, akapita uani hadi jikoni.

Sufuria ilikuwa imefunikwa, makaa yamepaliwa juu ya kifuniko. Miaka yote aliwakataza wasaidizi wake kufunua pilau ikishapaliwa. Sasa akafunua mwenyewe. Kifuniko kikainama, makaa na majivu yakamwagika juu ya wali.

Wanawake wote wakageuka. Mbodze akaja mbio, akaona, akasema kwa sauti, "Ah, kifuniko hiki nilikiweka vibaya!" Akachukua upawa, akauondoa wali wa juu wote ulioingia majivu, akafunika upya. Kisha akanong'ona, "Mama, ningefanya mimi hivi, ungenipiga mwiko."

"Ningekupiga miwili."

"Basi rudi ndani. Mwanao akikuulizia, nimwambie nini?"

Kusitiriwa kule kulimuuma kuliko tusi. Mwanasiti alirudi chumbani macho chini, akiomba Mungu amwondolee kitu kile kifuani. Hakikuondoka.

Sinia zikaletwa. Mama wa bwana harusi akamega tonge, akafumba macho kwa utamu.

"Mkwe, kumbe watu wa Msambweni hawakukusifu bure! Mkono wako huu!"

Kadzo akamtazama mama yake. Mwanasiti alikuwa anatafuna polepole, akitafuta kasoro. Chumvi sawa. Nyama imelainika. Angenyamaza tu, sifa ingekuwa yake, na jikoni hakuna ambaye angesikia.

"Si mkono wangu, mkwe," akasema. "Amepika Mbodze."

"Mbodze ni nani?"

"Ni yule aliye jikoni. Mwache amalize kazi yake, nitamwita umwone."

Kadzo akamsogezea mamake kipande kikubwa cha nyama. Mwanasiti akakitazama kwa uchungu, kisha akakila.